KETE 64 NA MATONE YA ZIWA KIVU

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo kila askari aliisikia kabla ya kuvaa sare, na aghalabu hutumiwa kuhimiza akiba na subira. Lakini ni wachache walioketi na kalamu wakauliza: je, haba hiyo ikijizidisha maradufu kila hatua, ni hatua ngapi zitatosha, si kujaza kibaba tu, bali kukausha ziwa zima? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa hesabu ambayo kila mpiganaji na kila polisi aweza kuikagua mwenyewe. Ziwa tutakalolipima ni Kivu, kama lionekanavyo kutoka kisiwa cha Nkombo, wilayani Rusizi, katika Jimbo la Magharibi la Rwanda.

Jibu letu litapitia katika namba moja nzima yenye tarakimu 20, nayo ni 18,446,744,073,709,551,615. Msomaji asiogope urefu wake. Namba hii ina tabia zake, ina nasaba yake, na imewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka elfu. Zaidi ya hayo, inabeba mafunzo matatu yanayomhusu moja kwa moja mtu aliyekabidhiwa silaha, lindo au jalada la upelelezi: kwamba hatari ikuayo maradufu huonekana ikiwa imechelewa; kwamba mifano michache inayofanana si ushahidi; na kwamba ukubwa wa kitu si nguvu yake.

KISIWA NA WAVUVI WAKE

Nkombo ni kisiwa kilichoko kusini mwa Ziwa Kivu, katika eneo lililojulikana zamani kwa jina la Cyangugu. Si mbali na hapo maji ya ziwa hutoka na kuwa mto Rusizi, upitao mpakani mwa Rwanda na Kongo na kushuka hadi Ziwa Tanganyika. Wakazi wake ni wavuvi na wakulima. Licha ya Kinyarwanda, wenyeji wana lugha iliyo jirani sana na zile za Wahavu na Washi wa upande wa Kongo, na Kiswahili huwafaa katika masoko ya Kamembe na Bukavu.

Usiku wavuvi wa Kivu hutoka na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukiwa chini ya maji na taa zikiwaka juu, kwa kuwa samaki wadogo waitwao isambaza hufuata mwanga. Samaki hao si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo ni kitoweo na riziki ya maelfu ya watu. Mtu asimamaye pwani ya kisiwa saa hizo huona juu ya maji safu ya taa, nyingine zikiwaka, nyingine zikizimwa. Tutazirudia taa hizo hapo mbele, na samaki pia, kwa maana wote wawili wanahusika na namba yetu.

MCHEZO NA HADITHI

Bao halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili, na huko Rwanda ndugu yake huitwa igisoro. Mbao zote mbili zina safu 4 zenye mashimo 8 kila safu, yaani mashimo 32, na kete zinazochezwa ni 64. Idadi hiyo ya 64 ndiyo pia idadi ya viraba vya ubao wa sataranji. Juu ya sataranji wapo waandishi wa Kiarabu, miongoni mwao Ibn Khallikan wa karne ya 13, waliosimulia hadithi ya mfalme wa Uhindi aliyemwambia mtungaji wa mchezo huo ajichagulie zawadi. Yule bwana akaomba punje moja ya ngano kwa kiraba cha kwanza, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, nane kwa cha nne, na kuendelea maradufu hadi cha 64. Mfalme alidhani amedharauliwa kwa ombi dogo namna hiyo. Wahasibu wake walipomaliza kazi, wakamwarifu kwamba ghala zote za ufalme hazitoshi.

Tuichukue hesabu hiyo na kuileta Nkombo. Badala ya ngano tutumie maji, na badala ya viraba tutumie kete za igisoro. Kwa kete ya kwanza tuchote ziwani tone moja. Kwa kete ya pili matone mawili, kwa ya tatu manne, kwa ya nne manane, na hivyo hivyo hadi kete zote 64 ziishe.

Kabla ya kuchota, tuone siri moja ya mchezo huu. Kete mbili za kwanza jumla yake ni 3, ambayo ni 4 kasoro 1. Kete tatu za kwanza jumla yake ni 7, ambayo ni 8 kasoro 1. Kete nne ni 15, ambayo ni 16 kasoro 1. Kwa hiyo kila kete mpya hudai peke yake kuliko zote zilizotangulia zikijumlishwa, na huzizidi kwa moja kamili. Jumla ya kete 64 ni 2 iliyozidishwa kwa nafsi yake hata zikatimia mbili 64, kisha ukaondoa 1. Hiyo ndiyo ile namba yetu ya tarakimu 20.

KULIPIMA ZIWA KWA MATONE

Tabibu wa kikosi anayemtundikia majeruhi dripu anafahamu kwamba mipira ya kawaida hudondosha kama matone 20 kwa kila mililita moja. Basi lita moja ni matone 20,000, na mita moja ya ujazo, ambayo ni lita 1,000, ni matone milioni 20. Kilomita moja ya ujazo ina mita za ujazo bilioni moja. Ziwa Kivu lina takriban kilomita za ujazo 500 za maji. Zidisha yote, utapata kwamba ziwa zima, kutoka Rubavu kaskazini hadi Rusizi kusini, lina takriban bilioni 10 za bilioni za matone.

Sasa tuanze kuchota. Baada ya kete 10 tumetoa matone 1,023, yaani kama mililita 51, maji yasiyofika nusu ya kikombe cha chai. Baada ya kete 20 tumetoa lita 52, madumu mawili na nusu ya lita 20. Kuruta mmoja aweza kuyabeba kwa safari mbili. Baada ya kete 32, yaani nusu kamili ya mchezo, tumetoa lita 214,748. Hayo ni maji ya bwawa lenye upana wa mita 10, urefu wa mita 10 na kina cha mita 2 na ushei. Nusu ya kete zimekwisha, na mvuvi wa Nkombo hajaona badiliko lolote.

Tuendelee. Baada ya kete 50 tumetoa kama mita za ujazo milioni 56. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini ukiitandaza juu ya ziwa lenye eneo la karibu kilomita za mraba 2,400, maji hushuka kwa sentimita 2 na kitu tu. Mawimbi ya jioni hupanda na kushuka zaidi ya hapo. Kete 14 tu zimebaki, na bado hakuna wa kupiga mbiu.

Baada ya kete 60 tumetoa kama kilomita za ujazo 58, sawa na sehemu moja katika tisa ya ziwa. Hapo ndipo watu wataanza kulalamika kwamba mitumbwi imekwama matopeni. Baada ya kete 62 bado zaidi ya nusu ya maji yamo ziwani. Baada ya kete 63 tumetoa matone 9,223,372,036,854,775,807, na ziwa limekaribia kukauka. Kisha kete ya mwisho inadai matone mengine kama hayo na moja zaidi, ilhali yaliyobaki hayafiki hata sehemu ya kumi ya deni hilo. Kwa ufupi, ziwa lililokuwa na sehemu nane katika tisa za maji yake halipo tena baada ya kete nne.

Hili ndilo funzo la kwanza. Jambo likualo maradufu hupita sehemu kubwa ya safari yake likiwa dogo, halitishi mtu. Mwenye kungoja mpaka alione kwa macho hujikuta amebakiwa na hatua tatu au nne. Kwa sababu hiyo amri za lindo hudai kila ishara ndogo iripotiwe mara ionekanapo, na mganga wa kambi huuliza habari za mgonjwa wa kwanza wa kuhara, wala hangojei wa mia.

Hapana shaka msomaji makini atauliza: mbona basi isambaza hawakulijaza ziwa? Jibu ni kwamba hakuna kiumbe kiishicho kinachoweza kufika kete ya 64. Chakula hupungua, nafasi hujaa, wala waliwao hawakosi wa kuwala. Uzazi huanza kwa maradufu, kisha hupungua kasi. Na upande wa pili, mkono wa mvuvi ukizidi uzazi wenyewe, samaki huadimika. Kwa hiyo uvuvi wa isambaza husimamishwa kwa muda kila mwaka ili wazaane, na askari wanaolinda maji hayo huwa na kazi ya kuhakikisha amri hiyo inaheshimiwa.

NJIA YA MKATO YA AL-BIRUNI

Je, namba ya tarakimu 20 ilipatikanaje zamani, kabla ya mashine? Mtaalamu Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, hakuketi kuzidisha mara 64. Aliona kwamba ukichukua 16 na kuizidisha kwa nafsi yake unapata 256. Ukizidisha 256 kwa nafsi yake unapata 65,536. Ukizidisha hiyo kwa nafsi yake unapata 4,294,967,296. Na ukizidisha hiyo nayo kwa nafsi yake unapata 18,446,744,073,709,551,616. Ondoa 1, kazi imekwisha. Ngazi nne tu zimechukua mahali pa hatua sitini! Mpiganaji aliyefunzwa kusoma ramani ataona hapo tofauti ya kufuata kila kona ya barabara na kuujua mwelekeo.

Ukubwa wa namba hiyo waweza kupimwa pia kwa muda. Mtu angehesabu moja kila sekunde, usiku na mchana, bila kulala wala kubadilishwa zamu, angehitaji zaidi ya miaka bilioni 584 kuimaliza. Ulimwengu wenyewe unakadiriwa kuwa na umri wa miaka bilioni 13.8.

TAA 64

Sasa tuzirudie taa za wavuvi. Tuseme ziko taa 64 zimepangwa katika mstari mmoja juu ya maji ya Nkombo, na kila moja yaweza kuwaka au kuzimwa. Taa moja ina hali mbili. Taa mbili kwa pamoja zina hali nne, taa tatu hali nane. Kila taa inayoongezwa huongeza hali hizo maradufu. Basi ukitaka kujua ni ishara ngapi mbalimbali zinaweza kutolewa na taa 64, ukiacha ile hali ya giza tupu ambapo zote zimezimwa, jibu ni lile lile: 18,446,744,073,709,551,615.

Kompyuta za siku hizi hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Ndani yake hamna tarakimu 0 hadi 9 kama tuzijuavyo, bali alama mbili tu, 0 na 1, mfano wa taa iliyozimwa na taa iwakayo. Mashine inayohifadhi namba kwa nafasi 64 ina mwisho wake, na mwisho huo ni namba yetu, taa zote 64 zikiwaka. Ukiongeza 1 juu yake, nafasi zinakuwa hazitoshi, nayo mashine hurudi kwenye sifuri.

KUIVUNJA NAMBA

Polisi anapomkamata mgeni asiye na vitambulisho huanza kwa kuuliza ukoo wake. Nasi tuiulize namba hii: umezaliwa na nani? Katika hesabu, ukoo wa namba ni vigawo vyake, na wazee wa ukoo ni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa nafsi zake, kama vile 2, 3, 5, 7, 11 na 13.

Namba yetu inaishia na 5, kwa hiyo inagawanyika kwa 5. Jumlisha tarakimu zake zote 20, utapata 87, ambayo inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9. Basi namba nayo inagawanyika kwa 3 na haigawanyiki kwa 9. Huo ni ukaguzi wa dakika moja. Lakini ngazi za al-Biruni hutupa zaidi. Tazama: 3 mara 5 ni 15, yaani 16 kasoro 1. Hiyo mara 17 ni 255, yaani 256 kasoro 1. Hiyo mara 257 ni 65,535. Hiyo mara 65,537 ni 4,294,967,295. Na hiyo mara 4,294,967,297 ndiyo namba yetu. Imepasuka yenyewe katika vipande sita: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297.

Vipande vitano vya kwanza ni tasa. Je, na cha sita? Hapo ndipo palipotokea kosa mashuhuri katika historia ya hesabu.

MWANASHERIA WA TOULOUSE NA MSHUKIWA WA TANO

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria katika mahakama kuu ya Toulouse, Ufaransa, katika karne ya 17, na hesabu aliifanya kama burudani. Aliziona namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote zimejengwa kwa kanuni moja, na zote ni tasa. Katika barua zake kuanzia mwaka 1640 alieleza imani yake kwamba kila namba ya kanuni hiyo ni tasa, ingawa hakuwa na uthibitisho. Mashahidi watano walisema neno moja, naye akamwamini wa sita bila kumhoji.

Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel, Uswisi, ndiye aliyemhoji huyo wa sita. Ili kujua kama 4,294,967,297 ni tasa, mtu angelazimika kujaribu kuigawanya kwa namba tasa zote zilizo chini ya 65,536, nazo ni 6,542. Hiyo ni kazi ya kuwahoji wakazi wa tarafa nzima. Euler hakufanya hivyo. Alionyesha kwamba kigawo tasa cha namba hiyo, kikiwapo, lazima kikigawanywa kwa 64 kibakize 1. Kwa sharti hilo moja karibu wote waliachiwa huru. Wa kwanza wenye sifa hiyo ni 193, 257, 449, 577 na 641. Wanne wa mwanzo walikutwa hawana hatia. Wa tano, 641, alikamatwa: 641 mara 6,700,417 ni 4,294,967,297 kamili. Euler alilitangaza hilo mwaka 1732, miaka 67 baada ya Fermat kufariki. Mtu ambaye angezijaribu namba tasa moja moja kuanzia 2, angemfikia 641 katika jaribio la 116. Euler alimfikia katika jaribio la tano.

Funzo la pili ni hili, na tunawaomba ndugu zetu wapelelezi walitafakari. Mifano mitano inayofanana haithibitishi wa sita. Nyumba tano kuvunjwa usiku wa Jumamosi si hakikisho kwamba ya sita itavunjwa Jumamosi, wala washukiwa watano wa kijiji kimoja kukutwa na hatia hakumtii hatiani jirani yao. Kanuni huweza kuwa dira ya pa kuanzia kutafuta, kama Euler alivyoitumia, lakini hukumu hungoja ushahidi wa jambo lenyewe. Hata leo hakuna namba tasa ya sita ya kanuni ya Fermat iliyopatikana, na nyingi zilizokaguliwa zimekutwa si tasa.

Afrika yetu nayo ina fumbo la namna hiyo, wala si mbali na Kivu. Mwaka 1950 mwanajiolojia wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua mahali paitwapo Ishango, mashariki mwa Kongo, hapo mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa makundi. Unakadiriwa kuwa na umri wa miaka kama 20,000. Katika safu yake moja makundi hayo ni 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizoko kati ya 10 na 20, na jumla yake ni 60. Je, aliyechonga alizijua namba tasa? Wapo wasemao ndiyo, wapo wasemao ilikuwa kalenda ya mwezi, na wapo wasemao ni bahati tu. Nasi twasema kama tulivyosema juu ya Fermat: kufanana ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho wake.

KUFULI NA FUNGUO

Kwa hiyo ukoo kamili wa namba yetu una wazee saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Kila kigawo chake hupatikana kwa kuchagua baadhi ya hao saba na kuwaacha wengine, mfano wa taa saba ziwakazo na kuzimwa. Basi idadi ya vigawo vyake vyote ni 128.

Mambo haya si mchezo kwa jeshi. Ujumbe unaosafirishwa kwa redio au kwa mitandao hufungwa kwa hesabu, na aina moja ya kufuli zitumikazo duniani hutegemea ukweli huu: ni rahisi kuzidisha namba tasa mbili kubwa, lakini ni vigumu mno kuzitambua kutoka katika zao lake. Katika kufuli nyingi za aina hiyo, ile 65,537 ya Fermat imepewa kazi ya kudumu ya kufungia. Mwaka 2020 wataalamu walifaulu kuipasua namba ya tarakimu 250 iliyotengenezwa kwa namna hiyo, na iliwagharimu nguvu za kompyuta nyingi mno. Lakini namba yetu ya tarakimu 20, ambayo kwa sekunde haihesabiki, tumeipasua hapa kwa kalamu. Kwa nini? Kwa sababu imejengwa kwa mpangilio unaoonekana, na mpangilio ndio uliotufungulia mlango. Hilo ndilo funzo la tatu: ukubwa si nguvu. Doria yenye askari wengi ipitayo njia ile ile saa ile ile ni dhaifu kuliko ya wachache isiyotabirika. Neno la siri refu lililotungwa kwa tarehe ya kuzaliwa na jina la mtoto ni mlango ulioegeshwa tu.

Iko pia kufuli ya aina ya pili, ambayo ufunguo wake ni mpangilio mmoja wa taa 64 kati ya yote iwezekanayo. Adui hana njia ila kujaribu mmoja mmoja. Kwa muda ilidhaniwa kwamba idadi hiyo yatosha. Mwaka 2002 mradi uitwao distributed.net, uliounganisha kompyuta za watu wengi duniani, uliupata ufunguo mmoja wa namna hiyo baada ya siku 1,757. Kwa hiyo leo kufuli za kuaminika hutumia taa 128 au zaidi. Msomaji asidhani kwamba 128 ni mara mbili tu ya 64. Mashine ambayo ingejaribu funguo zote za taa 64 kwa sekunde moja, kwa taa 128 ingehitaji miaka bilioni 584. Taa zimeongezeka mara mbili tu, lakini siri imeongezeka mara bilioni 18 za bilioni.

MKOPO NA UVUMI

Tumalizie na mambo mawili ya kila siku kambini. La kwanza ni mkopo. Tuseme askari amekopa faranga 1,000 kwa mtu asiye na leseni, kwa masharti kwamba deni litakuwa maradufu kila mwezi usiolipwa. Mwezi wa tatu anadaiwa 8,000, naye anajiambia kwamba mshahara ujao utatosha. Mwezi wa kumi anadaiwa 1,024,000. Hakuna mshahara wa mwezi mmoja wa askari unaomwokoa hapo, na mwenye kudaiwa namna hiyo ni rahisi kununuliwa na adui. Dawa yake ni kulipa ingali kete ya kwanza, au kutokopa kabisa.

La pili ni uvumi. Tuseme mtu mmoja anayo habari ya uongo, na kila saa idadi ya wanaoijua inakuwa maradufu. Baada ya saa 10 wameijua 1,024. Baada ya saa 24 wangekuwa 16,777,216, ilhali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Rwanda nzima watu milioni 13.2 na kitu. Kwa kweli uvumi hupungua kasi, kwa maana huwarudia wale wale waliokwisha kuusikia, kama isambaza wanavyozuiwa na ukubwa wa ziwa. Lakini saa za mwanzo huenda kwa kasi hiyo hiyo ya kete. Askari anayepokea neno asilolijua chanzo chake na kulinyamazia amefuta, si mtu mmoja, bali mlolongo wote ambao ungetoka kwake. Polisi anayekanusha uongo saa ya pili hana budi kuwafikia wanne. Akingoja saa ya kumi na mbili, atawatafuta 4,096.

Yeyote mwenye shaka juu ya tuliyoyaeleza asitukubalie kwa sababu tumeyachapa gazetini. Achukue kalamu na karatasi zamu itakapokwisha, azidishe 641 kwa 6,700,417, na aone mwenyewe kama tarakimu zinatimia. Akimaliza, azihesabu kete za ubao ulioko karibu naye na ajiulize, katika mambo anayoyalinda, ni lipi liko kete ya ngapi.